Je, wajua kwa nini shavu huvimba zaidi siku ya tatu baada ya kung'olewa gego la mwisho?

Mtu anang'olewa gego la mwisho Jumatatu hapa Dodoma mjini, anarudi zake Nkuhungu na shavu la kawaida. Jumatano anaamka upande mmoja wa uso umejaa kama aliyebugia andazi zima, na mdomo haufunguki. Anaamini daktari amemharibu. Mchana yuko duka la dawa anaulizia antibayotiki. Wengi wa wanaopatwa na haya ni vijana, maana jino hili, liitwalo pia jino la busara, huota kati ya miaka 17 na 25, umri wa wanafunzi wengi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM).

Gego lililolala ndani ya taya halivutwi tu likatoka. Daktari huchana ufizi, pengine huchonga mfupa na kulikata jino vipande. Mwili hukimbilia jeraha hilo: mishipa midogo ya damu hutanuka na majimaji yenye chembe za ulinzi huvujia kwenye nyama ya shavu. Majimaji huzidi kujaa hadi saa 48 au 72, ndipo yaanze kunywea. Misuli ya kutafunia nayo hukaza. Hapo hakuna maambukizi ya bakteria ya kutibiwa, hivyo antibayotiki za kujinunulia hazipunguzi uvimbe huo.

Saa za mwanzo ndizo zenye faida kubwa. Funga barafu kwenye kitambaa, weka shavuni dakika 15 hadi 20, pumzika muda kama huo, rudia. Baridi hubana mishipa. Kwa joto la Oktoba la hapa kwetu barafu haikai, basi andaa mapema. Baada ya siku mbili, badili uweke kitambaa cha maji ya uvuguvugu. Usiku lalia mito miwili.

Dawa ya maumivu imezwe kabla ganzi haijaisha. Ibuprofeni huzuia mwili kutengeneza kemikali zinazoleta uvimbe na maumivu, na ikitumiwa pamoja na parasetamo nafuu huwa kubwa zaidi. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au pumu, na mjamzito, asiiguse ibuprofeni kabla ya kumuuliza daktari. Aspirini ya kutuliza maumivu iacheni, huongeza kutoka damu.

Ninachowasihi zaidi ni kulinda donge la damu lililoziba shimo la jino. Liking'oka, mfupa hubaki wazi, na kati ya siku ya tatu na ya tano huja maumivu makali yanayopanda hadi sikioni. Ndiyo maana sigara, mrija na kutema mate kwa nguvu vinakatazwa. Kumumunya ubuyu nako ni kufyonza kulekule, tena mbegu zaweza kunasa shimoni. Mlenda uliopoa hushuka bila kutafunwa. Maji ya chumvi yaanze baada ya saa 24, na usiyasukutue kwa nguvu.

Uvimbe ukiendelea kukua baada ya siku ya tatu, au ukiona homa au usaha, rudi hospitali siku hiyohiyo. Kumeza au kupumua kukiwa kwa shida, hata kama ni usiku na uko Kondoa au Mpwapwa, nenda hospitali iliyo karibu bila kusubiri kupambazuke.