Saruji nyingi haizuii nyufa za plasta
Ukuta wa nje ukipasuka jangwani, lawama ni ileile: fundi kabania saruji. Sivyo. Saruji ikizidi, plasta husinyaa zaidi inapokauka. Upepo mkavu nao huifyonza maji kabla haijakomaa, kisha joto la mchana na baridi ya usiku huitanua na kuibana kila siku. Mchanganyiko wa saruji sehemu 1, chokaa 1, mchanga 6 huvumilia vizuri zaidi.

Kwa ufa mwembamba kama unywele, rangi ya nje inayonyumbulika hutosha. Ulio mpana uchonge, sugua kwa brashi hadi vumbi liishe, lowesha kingo (wengi huruka hapa, kiraka kikabanduka), jaza, kisha nyunyizia maji siku kadhaa. Ufa ukirudi palepale kwenye pembe ya dirisha, kagua msingi.