Fataki dukani: tunayoambiana na ukweli wake

Kila mwaka ikifika Oktoba, maduka ya kona huku Uingereza yanaanza kupokea maboksi ya fataki, au fashifashi kama tunavyoita wengine tuliokulia pwani. Mimi ni msimu wa sita huu niko nyuma ya kaunta, duka dogo tu, mbele kuna maziwa na unga na vocha za simu, na msimu ukifika kabati moja la kioo linajaa roketi. Wenzetu wengi wanaosema Kiswahili wana maduka kama haya na tukikutana tunapeana ushauri, na jamani, ushauri mwingine ni wa hatari kabisa. Naandika kwa sababu wengi wetu tuna familia zinalala ghorofani juu ya duka.

"Hizi ni za kuchezea tu, si baruti"

Ni baruti. Ndani ya roketi kuna unga uleule wa nitrate ya potasiamu, makaa na salfa, na nyingine zina perklorati na unga wa aluminiamu ili zing'ae na kulia. Ndiyo maana utunzaji wake stoo uko chini ya Explosives Regulations za 2014, yaani kanuni za baruti na vilipuzi, kanuni hizohizo zinazowahusu wenye baruti za machimbo ya mawe. Ukilielewa hilo mengine yote hayatakusumbua, maana utaacha kuliona boksi la fataki kama katoni ya biskuti.

"Leseni ni ya maduka makubwa, mimi nina vichache tu"

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea kwa sababu hawajui wanapima nini. Mpaka ni kilo 5. Ukiwa na zaidi ya kilo 5 unahitaji leseni ya kuhifadhi, lakini kilo hizo si za boksi, ni za baruti yenyewe iliyomo ndani. Chukua fataki moja uigeuze, kwenye lebo utaona herufi NEC, yaani uzito wa baruti tupu, na pembeni gramu, hiyo ndiyo namba yako. Ukikuta katoni haijaandikwa, wakaguzi wanakubali uhesabu robo ya uzito wake wote, yaani katoni ya kilo 20 unaihesabu kuwa kilo 5 za baruti. Kwa hiyo yule jamaa anayesema "nina katoni nne tu" huenda ana mara nne ya kiasi hicho, huku mwingine anayeogopa kwa kuwa mzigo una kilo 12 kwenye mizani huenda yuko ndani ya sheria bila shida. Sisi tunaandika namba ya NEC kwa kalamu nene juu ya kila katoni siku ileile mzigo unapoingia, na kuna daftari limefungwa kwa kamba mlangoni mwa stoo, kinachoingia kinaandikwa na kinachotoka kinaandikwa. Mkaguzi akija hatuanzi kukisia.

Leseni yenyewe unaombea Trading Standards, wale wakaguzi wa biashara wa halmashauri yako, au zimamoto kwa baadhi ya miji mikubwa, na wanaweza kutoa mpaka kilo 2,000, zaidi ya hapo unaenda Health and Safety Executive, wakala wa serikali wa usalama kazini. Maduka mengi yanaomba ile ya mpaka kilo 250. Ila ukiwa na watu wanalala kwenye jengo hilohilo usitegemee kujaza kilo 250, kiasi kinashushwa sana, na useme ukweli kwenye fomu, usifiche kwamba mama na watoto wako juu.

Halafu kuwa chini ya kilo 5 kunakuondolea leseni tu. Hakukuondolei wajibu wa kuzuia moto.

"Toa kwenye maboksi, zipange vizuri zionekane"

Hii ndiyo inayoniumiza zaidi kwa sababu anayeifanya anadhani anafanya usafi. Fataki nyingi za dukani zimewekwa kwenye daraja la 1.4G, maana yake zikishika moto zinaungua kwa vurugu lakini hazitegemewi kulipuka zote kwa pamoja. Sasa daraja hilo halikutolewa kwa fataki peke yake, lilitolewa kwa fataki ikiwa ndani ya katoni yake ya kusafirishia, kwa sababu kadibodi na vigawanyo vya ndani vinachelewesha moto kutoka kimoja kwenda kingine. Ukizitoa ukazirundika kwenye ndoo au toroli la supamaketi, lebo ya 1.4G haina maana tena, umetengeneza kitu kingine ambacho hakuna aliyekipima.

Kwa hiyo stoo zinabaki kwenye katoni zake, zimefungwa, na kule mbele unaweka chache tu ndani ya kabati lenye kufuli, na kiasi kinategemea ukubwa wa eneo la kuuzia. Ukitaka kujaza dirisha zima jaza maboksi matupu ya maonyesho, wasambazaji wanayatoa, mteja anaona picha na wewe unalala usingizi. Usikate pakiti ukauza moja moja pia, hilo ni kosa, na yule mtoto wa watu anaondoka na kitu kisicho na maelekezo.

"Nina mtungi wa kuzimia moto, sina wasiwasi"

Mtungi ni wa moto mdogo kabla haujafika kwenye fataki. Kapu la takataka limeshika, waya umeanza kutoa moshi, hapo sawa, uzime haraka kama njia ya kutokea iko nyuma yako. Lakini fataki zenyewe zikishashika, achana nazo. Moto wa kawaida unauzima kwa kuunyima hewa, blanketi au gesi inaufunika basi, sasa fataki imebeba oksijeni yake ndani, ile nitrate na perklorati ndiyo kazi yake, ukiifunika inaendelea kuungua kama hakuna kilichotokea na wewe umeisogelea usoni. Unachofanya ni kupiga kelele watu watoke, unafunga mlango nyuma yako, unapiga 999 na unawaambia waziwazi kwamba kuna fataki ndani, na kiasi gani. Usiwafiche. Maisha yao yako mikononi mwako dakika hiyo.

Mwaka 2006, tarehe 3 Desemba, pale Marlie Farm karibu na Ringmer, East Sussex, wafanyakazi 2 wa zimamoto walikufa walipokwenda kwenye moto wa ghala la fataki na kontena likalipuka. Wenye biashara walihukumiwa kwa kuua bila kukusudia.

"Kontena la chuma nyuma ya duka ndiyo usalama wenyewe"

Dhidi ya mwizi, ndiyo. Kwa moto si lazima, maana chuma kinabana gesi na joto, na baruti iliyobanwa inatoka kuungua inakwenda kulipuka, ni sababu ileile inayofanya baruti iliyofungwa ndani ya karatasi ngumu itoe mlio na ile iliyomwagwa chini iwake tu. Kontena linaruhusiwa, lakini kwa aina na kiasi kilichoandikwa kwenye leseni, si kwa kujaza mpaka juu. Enschede kule Uholanzi, tarehe 13 Mei 2000, ghala la S.E. Fireworks lililokuwa katikati ya nyumba za watu lililipuka, watu 23 wakafa wakiwemo wazimamoto 4, majeruhi karibu 950, mtaa wa Roombeek ukabomoka. Humo kulikuwa na makontena, na ilikuja kuonekana kuwa bidhaa nyingi zilikuwa kali kuliko lebo zake zilivyosema. Nunua kwa msambazaji anayejulikana, mwenye karatasi. Mtu akikuletea fataki usiku kwa gari bila risiti, hata bei iwe nusu, mwache aende nazo.

"Zikilowa zikaushe tu"

Hili lilitukuta wenyewe. Msimu wangu wa pili, duka nililokuwa nafanya kazi wakati huo, bomba la juu lilivuja usiku na asubuhi nikakuta kona ya katoni imelainika, ukiigusa kidole kinazama, na chini unga wa kijivu umetoka kidogo kama majivu ya ubani. Bosi akasema isogeze karibu na hita mpaka saa sita itakuwa imekauka. Nilikuwa mgeni, nikaibeba. Nimeweka chini nikaona ule unga umebaki kwenye sweta yangu, na hita inanguruma mbele yangu, nikatetemeka nikairudisha nyuma na kumwambia mimi siwezi. Alikasirika lakini mwisho akampigia msambazaji, wakaja kuichukua. Fataki iliyolowa ikikauka haiaminiki, utambi unaweza kuwaka haraka mno au ukachelewa, na unga uliomwagika ni hatari papo hapo. Itenge, usiikaushe, mpigie aliyekuuzia.

"Washa moja mteja aone"

Tarehe 29 Desemba 2001 huko Mesa Redonda, katikati ya Lima nchini Peru, inaelezwa moto ulianza kwa fataki moja kuwashwa kwa maonyesho. Walikufa zaidi ya watu 270 kwenye vichochoro vilivyojaa vibanda. Sina la kuongeza.

"Umri na tarehe hawafuatilii"

Wanafuatilia, na wanatuma vijana kununua kukujaribu. Fataki za F2 na F3, yaani madaraja ya fataki za kawaida za dukani, hauziwi mtu chini ya miaka 18, na sparklers, vile vijiti vya cheche watoto wanavyovipenda, serikali inaziweka humohumo. F4 ni za mafundi wenye utaalamu tu, usiziguse. Bila leseni ya kuuza mwaka mzima, ambayo ni pauni 500, tarehe zako ni 15 Oktoba mpaka 10 Novemba, 26 mpaka 31 Desemba, na siku ya Diwali na ya Mwaka Mpya wa Kichina pamoja na siku 3 kabla ya kila moja. Kosa linaweza kukuletea faini isiyo na kikomo na jela mpaka miezi 6.

"Msimu ukiisha peleka zilizobaki gereji nyumbani"

Tarehe 11 Novemba baruti haigeuki kuwa kitu kingine. Leseni ni ya mahali palipoandikwa, gereji yako haimo, na zikipita kilo 5 humo unavunja sheria huku pembeni kuna petroli ya mashine ya majani na makopo ya rangi. Kubaliana na msambazaji mapema, kabla hujalipa, kwamba zilizobaki atazichukua, na iandikwe kwenye karatasi. Sisi mwaka jana zilibaki katoni tatu, tarehe 12 gari lao likaja, dereva akasaini daftari letu la mlangoni, na stoo ikarudi kuwa ya unga na mafuta ya kupikia.