Kiungo Akikimbia Pungufu, Je, Amechoka?

Mabenchi ya ufundi huniuliza mara kwa mara kwa nini kiungo aliyekimbia mita 700 kwa kasi kubwa wiki iliyopita amekimbia mita 560 tu wiki hii, na kama huo ni uchovu. Kwa namba hizo mbili pekee, swali hilo halina jibu.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 kuhusu wachezaji wa Ligi Kuu ya Uingereza ulipima jinsi mchezaji yuleyule anavyobadilika kutoka mechi moja hadi nyingine. Katika mbio za kasi, mchepuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi namba zake zinavyotawanyika kuzunguka wastani, ulikuwa takriban asilimia 16 hadi 18 ya wastani wake. Katika mbio za kasi ya juu kabisa ulifikia kama asilimia 30, na wachezaji wa katikati ya uwanja walibadilika zaidi kuliko mawinga.

Tuchukue asilimia 16. Ikiwa wastani wa kweli wa kiungo wetu ni mita 700, mchepuko wake ni mita 112, na mchepuko wa tofauti kati ya mechi zake mbili, unaopatikana kwa kuzidisha 112 kwa kipeuo cha pili cha 2, ni karibu mita 158. Upungufu wa mita 140 umo ndani ya kiasi hicho: karibu jozi 4 kati ya 10 za mechi zingeonyesha tofauti kama hiyo au zaidi, hata kama mwili wake haujabadilika hata kidogo. Mpinzani akijazana nyuma, au timu ikiongoza mapema, nafasi za kukimbia hupungua.

Ndiyo maana mimi hutumia modeli ya kitakwimu inayotenganisha mabadiliko yanayotokana na mchezaji mwenyewe, na mpinzani na matokeo ya mechi. Aliyeingia kutoka benchi namweka katika kundi la peke yake, kwa sababu hucheza dakika chache akiwa na nguvu mpya, na kugawanya mita kwa dakika hakuondoi tofauti hiyo.

Wastani wa mechi 4 hupunguza mchepuko kwa nusu, hadi mita 56, lakini kwa timu inayocheza mara moja kwa wiki huo ni mwezi mzima, na kocha hawezi kusubiri. Kuhusu uchovu, nashauri kupima mapigo ya moyo mazoezini, katika mbio zisizo za nguvu nyingi, zenye mwendo na muda uleule kila wiki, ambapo mpinzani hana nafasi ya kuvuruga kipimo.