Wasiwasi kabla ya mashindano: maswali na majibu

Maswali haya huulizwa sana na wanamichezo wa shule na wa timu za mtaani, na mengine huulizwa na wazazi wao.

Nakimbia mita 800. Kabla ya kuitwa kwenye mstari naenda chooni kila mara, moyo unadunda, mikono inakuwa ya baridi. Naumwa?

Huumwi. Ubongo ukiona kuna jambo zito mbele, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini kwenye damu. Moyo huongeza kasi, na damu hupungua tumboni na kwenye ngozi ili iende kwenye misuli mikubwa. Ndiyo maana mikono hupoa na tumbo huvuruga. Mwili unajiandaa kukimbia, na bila maandalizi hayo ungeanza mbio ukiwa mzito. Taabu huja hali hiyo ikizidi: misuli inakakamaa, pumzi inakuwa fupi, na nguvu zinakuishia hata hujaanza.

Basi dakika hizo nifanye nini?

Anza na pumzi, maana moyo huwezi kuuamuru lakini pumzi unaweza. Vuta hewa kwa pua ukihesabu hadi 4, tumbo likijaa, kisha itoe taratibu ukihesabu hadi 6. Endelea kwa dakika mbili au tatu. Kutoa hewa polepole huamsha neva inayopunguza kasi ya moyo. Ila zoezi hili usilijaribu kwa mara ya kwanza siku ya fainali. Lifanye kila siku mazoezini mpaka mwili ulizoee.

Legeza pia taya na mabega. Eliud Kipchoge anajulikana kwa kutabasamu katikati ya marathoni, na mwenyewe ameeleza kuwa tabasamu humsaidia kulegea na kuvumilia maumivu.

Kisha ipe akili kazi ndogo. "Nisishindwe" haitekelezeki. "Mita 200 za kwanza nisivutwe na kasi ya wenzangu" inatekelezeka.

Mimi hupiga penalti. Nikishatenga mpira natamani nipige tu yaishe.

Geir Jordet, mtafiti wa Norway aliyechunguza mikwaju ya penalti katika mashindano makubwa, aliona kwamba wanaoharakisha kupiga mara tu filimbi inapolia hukosa zaidi. Haraka hiyo ni hofu inayotafuta mlango wa kutokea. Filimbi ni ruhusa ya kupiga, haikulazimishi upige sekunde hiyohiyo. Chagua kona ukiwa bado katikati ya uwanja, vuta pumzi moja ndefu, ndipo uende. Ukishaichagua, usiibadili njiani.

Usiku wa kuamkia mechi silali.

Usiku mmoja mbovu haukuharibii sana kama siku zilizotangulia umelala vizuri. Jioni acha kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu, na simu iweke mbali. Asubuhi kula ulichokizoea.

Mwanangu aliupenda mpira, sasa analia kabla ya mechi.

Mzazi mwenzangu, sikiliza kwanza yanayosemwa nyumbani na pembeni ya uwanja. "Usituaibishe" ni mzigo mkubwa kwa mtoto wa miaka 12, na watu wazima tunautupa mabegani mwake bila kufikiri. Akirudi, muulize alichofurahia kabla ya kuuliza matokeo. Akiomba kupumzika, mruhusu. Simone Biles, mwanajimnastiki wa Marekani, alijitoa katika fainali ya timu ya Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021, baada ya kupoteza mwelekeo akiwa hewani, na wapo waliomlaumu vikali. Alirudi Paris 2024 akashinda dhahabu tatu.

Kuna kidonge cha kutuliza?

Usijinunulie dukani. Dawa kama propranolol hupunguza mapigo ya moyo, lakini ni hatari kwa mwenye pumu, na zimepigwa marufuku katika baadhi ya michezo, ikiwemo kulenga shabaha.

Kuna dalili ambazo usizisingizie wasiwasi. Ukizimia wakati unakimbia, au ukipata maumivu ya kifua, acha mchezo uende hospitali moyo wako upimwe. Huzuni, kukosa usingizi au kukata tamaa vikizidi wiki mbili, mwone daktari au mshauri wa afya ya akili. Na yakikujia mawazo ya kujidhuru, usingoje hata kesho: mwambie mtu mzima unayemwamini, akupeleke kituo cha afya siku hiyohiyo.