Senene wa stendi: shida huwa inaanza baada ya kikaango

Msimu wa senene ukifika, hasa Novemba na Desemba, Bukoba usiku ni taa kali na mabati yamesimamishwa ya kuwanasa, chini mapipa wanamoangukia, asubuhi mzigo uko sokoni. Na sisi watu wa maabara ya chakula swali letu ni lile lile, eti hawa wadudu wana bakteria? Wanao, tena wengi, sababu samaki unamtumbua kabla hujamkaanga ila senene anatolewa mabawa na miguu tu, utumbo unabaki na vilivyomo.

Hilo peke yake lisikutishe. Salmonela na E. koli wanakufa moto ukikolea, kwa hiyo senene aliyekaangwa vizuri hadi akakauka anatoka kikaangoni akiwa salama kwa kiasi kikubwa. Wanaosalia ni wabishi kama Bacillus cereus, hao wanajifungia kwenye spora (kama ganda gumu la kujikinga) na maji ya kuchemka hayawasumbui, alafu wakipata unyevu na uvuguvugu wanaamka na kuanza kuzaana.

Sasa angalia kinachofanyika mtaani. Mtu kakaanga alfajiri, senene bado wa moto anawamwaga kwenye nailoni anafunga fundo, mvuke hauna pa kutokea unageuka matone ndani ya mfuko, mchana wote mzigo uko juani, na wale waliokuwa wakavu kau wanalegea. Chakula kikikaa masaa kati ya nyuzi 5 na 60 bakteria wanajiachia, na unyevu ndo unawapa nafasi. Kama angewatandaza kwenye ungo safi wakapoa kwanza ndo afungashe, tatizo lingepungua sana, wala halihitaji mtaji.

Alafu mkono. Mkono uleule unapokea noti, unafuta jasho, unachota senene wa kukuonjesha (na sisi tunaonja, tusijidanganye). Ngozi na pua za watu wengi zina bakteria aina ya Staphylococcus, ikiachwa kwenye chakula muda mrefu inatoa sumu ambayo moto hauiondoi, ndo maana kurudisha senene wa jana kwenye kikaango si dawa, bakteria watakufa sumu itabaki. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, nayo hivo hivo, ukiona ukungu tupa mfuko mzima usianze kuchagua.

Mfuko uliobanwa una hatari nyingine. Mwaka 1980 jarida la madaktari wa Uingereza liliandika kisa cha Kenya cha watu waliopata botulizimu (sumu ya bakteria wanaozaana pasipo hewa, inapooza mwili) kwa kula kumbikumbi, na kumbikumbi hao walikuwa wamesafirishwa siku kadhaa kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa. Kwa hiyo wewe unayemtumia ndugu yako Dar senene kwa basi, kaanga wakauke kabisa, wapoze, na wale wabichi usiwafungie kwenye mfuko wakasafiri hivo, weka kwenye barafu au acha.

Ukinunua, tafuna mmoja, asipolia kwenye meno usichukue. Nunua kwa anayechota kwa kijiko na kufunika beseni lake, hata kama bei imechangamka kidogo.

Na kama una aleji ya kamba au kaa, senene anaweza kukuletea aleji hiyo hiyo hata awe msafi vipi, maana protini zao zinafanana. Midomo ikivimba au pumzi ikibana nenda hospitali haraka, usisubiri maziwa yafanye kazi.