Sensa Yasema Tumechanganyika, Mtaa Wasema Nini?

Agosti 2019, karani wa sensa alibisha hodi nyumbani kwa bibi yangu, Langoni, mtaa wa mji wa Lamu, pwani ya Kenya, mji ambao wenyewe twauita Amu. Alikuwa kijana mpole, kishikwambi mkononi, viatu kaviacha mlangoni. Akauliza majina na umri, akauliza nani alilala hapa usiku wa kuhesabiwa, mpaka akafika kwenye kabila.

"Mimi ni wa Amu, mwanangu," bibi akamjibu.

"Naam, bibi. Lakini kabila?"

"Ndilo hilo. Wa Amu."

Binamu yangu akadakia kwamba aandikwe Mswahili. Mjomba, aliyekuwa amejilaza kitini, akasema mbona asili yetu ni Wabajuni wa Faza. Kijana akangoja wamalize, kisha akabonyeza. Alichobonyeza sikukiona, na miaka yote hii kazi yangu ni kusoma majedwali yanayotokana na vidole kama vile.

Naanza na kisa hiki kwa sababu watu wengi huichukua takwimu ya kabila kama kipimo cha mchele kwenye mizani. Sivyo. Kabila kwenye sensa ni jawabu, na jawabu hutegemea nani aliulizwa, alijitaja vipi, na orodha iliyo mbele ya karani imepangwa vipi. Sensa ya 2009 iliandika Waswahili 110,614. Ya 2019 iliandika 56,074. Katika miaka kumi hiyo Waswahili hawakufa nusu yao wala hawakuhama nchi. Kilichobadilika ni namna walivyojitaja na namna walivyogawanywa katika mafungu.

Kuna na wale waliochelewa kutambuliwa kuwa kabila la nchi. Wamakonde walitambuliwa rasmi kuwa kabila la Kenya mwaka 2017, na mwaka huohuo wakafuatwa na Wakenya wenye asili ya Asia. Wapemba, ambao Kilifi na Malindi tumevua nao, tumeoana nao na tumezikana nao kwa vizazi, walitambuliwa mwaka 2023. Kabla ya hapo Mpemba aliyezaliwa Mayungu alikuwa baharini kila alfajiri na hayumo kwenye jedwali.

Basi tukishaelewa kwamba hesabu yenyewe ina mikono ya watu ndani yake, tuitazame nchi. Mwaka 2019 tulikuwa 47,564,296. Wakikuyu walikaribia asilimia 17, Waluhya 14, Wakalenjin 13, Wajaluo 11, Wakamba 10, na sisi wengine tukagawana iliyobaki. Hakuna kabila lenye hata robo ya nchi. Ukiokota Wakenya wawili bila kuchagua, kama mtu anayechovya mkono gizani ndani ya gunia, basi karibu mara 9 kati ya 10 watakuwa wa makabila tofauti. Hicho ndicho kipimo cha mseto, na kwa kipimo hicho Kenya ni miongoni mwa nchi zilizochanganyika sana duniani.

Lakini jirani yako hukumpata kwa kuchovya mkono guniani. Mseto wa nchi ni kitu kimoja, na mchanganyiko wa mtaa ni kitu kingine. Nchi inaweza kuwa na kila kabila, na kila kabila likawa limekaa kivyake. Hapo ndipo tunapozungumzia utengano wa makazi.

Utengano hupimwaje? Kipimo kinachotumika zaidi kilienezwa mwaka 1955 na Otis Dudley Duncan na Beverly Duncan wa Marekani, na hesabu yake mtu anaweza kuifanya kwa kalamu. Chukua mji wa mfano wenye watu 1,000: kundi la kwanza 600, la pili 400. Mji una mitaa miwili. Mtaa wa Juu una watu 480 wa kundi la kwanza na 80 wa kundi la pili. Mtaa wa Chini una 120 wa kwanza na 320 wa pili. Kwa hiyo asilimia 80 ya kundi la kwanza wako Juu, lakini kundi la pili walioko Juu ni asilimia 20 tu. Tofauti ni 60. Mtaa wa Chini ni vivyo hivyo kwa kugeuza: 20 na 80, tofauti 60. Jumlisha tofauti hizo, gawa kwa mbili, unapata 60. Maana yake ni kwamba asilimia 60 ya kundi moja ingebidi wahame ili mitaa yote miwili ifanane na mji. Kwa kundi la pili hao ni watu 240. Wafikirie: watu 240 na magodoro yao, masufuria yao, watoto wao wakibadilisha madrasa na shule. Namba ya kipimo inaweza kuonekana kavu, lakini ndani yake mna mizigo ya watu.

Kipimo hiki kina mtego. Hubadilika kulingana na ukubwa wa kipande unachokikata. Tazama Kaunti ya Lamu. Mwaka 2009 ilikuwa na watu 101,539, na mwaka 2019 ikafika 143,920, ongezeko la karibu asilimia 42, wakati nchi nzima iliongezeka kwa asilimia 23 hivi. Ukiikata kaunti hiyo kwa jina lake tu, utamwona Mbajuni, Mwamu, Mkikuyu, Mgiriama, Morma, Mwaweer, Msomali, Mkamba na Mjaluo, na utasema hapa pamechanganyika haswa. Ikate kwa kaunti ndogo: Lamu Mashariki ina watu 22,258, na Lamu Magharibi 121,662. Upande mmoja ni Faza, Siyu, Kizingitini na Kiunga. Upande wa pili, ukiacha kisiwa cha Amu, ni Hindi, Mpeketoni, Hongwe na Witu. Kata tena kwa wadi, kisha kwa kijiji, na picha ya mwanzo inabanduka kama chokaa ya ukuta ulioingia chumvi. Kwa hiyo mtu akikwambia kaunti yake imechanganyika, muulize amepima kwa kipande gani.

Kinachofanya watu wakae mafungu mafungu ni mengi, na mengine hayana ubaya wowote. Mji wa kale wa Lamu wenyewe ulijengwa kwa ukoo. Katika nyumba za mawe za Mkomani, mzazi alimjengea binti yake kando ya kwake au juu ya kwake. Nafasi ya pembeni ikikosekana, walivuka hewani: walijenga wikio, chumba kinachopita juu ya kichochoro na kuunganisha nyumba mbili. Ukipita chini yake unasikia sufuria zikigongana juu ya kichwa chako, unajua hapo ni dada na dada. Hivyo mtaa unakuwa wa ukoo bila mtu yeyote kuandika sheria ya kuwafukuza wengine.

Ila hata hapo tusijipake mafuta. Mji huohuo uligawanyika makundi mawili hasimu, Zena na Suudi, na baadaye Mkomani na Langoni: mawe upande huu, udongo na makuti upande ule, waungwana huku, wageni na wenye asili ya utumwa kule. Mwishoni mwa karne ya 19 Habib Swaleh, aliyetoka Visiwa vya Ngazija, alikaa Langoni akawafundisha watu ambao wakubwa wa mji hawakuona kwamba elimu ya dini inawahusu. Msikiti wa Riyadha ulitoka huko, na leo Maulidi yake huleta Mkomani yote Langoni. Nalisema hili nikiwa mtoto wa Langoni, na nalithamini.

Sababu ya pili unaweza kuiona kwa bao la dama. Thomas Schelling, mchumi wa Marekani aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2005, aliandika mwaka 1971 jinsi upendeleo mdogo wa kila mtu unavyoweza kuzaa utengano mkubwa wa wote. Nimelionyesha hilo mara nyingi pale Mkunguni, mbele ya ngome, kwa vifuniko vya soda vya rangi mbili. Vitawanye ovyo juu ya bao, uache nafasi chache wazi. Weka sharti dogo: kila kifuniko kimeridhika ikiwa walau theluthi ya majirani zake ni rangi yake. Hakidai wingi, hakimchukii mtu, hakitaki tu kubaki peke yake. Kisichoridhika kihamishie nafasi iliyo wazi. Endelea hivyo. Baada ya mizunguko michache wazee wanaacha kahawa zao na kuinama: bao limejigawa, vya rangi hii pande hizi, vya rangi ile pande zile, ingawa hakuna hata kifuniko kimoja kilichoomba hivyo.

Somo hili ni la kweli, na linawafaa wale wanaodhani kila mtaa wa kabila moja umejengwa na chuki. Lakini naliogopa likisimama peke yake, kwa sababu linaweza kuwasafisha waliochora mipaka kwa wino wa serikali. Bao la dama halina hati miliki. Halina polisi.

Nenda Malindi uone. Katika karne ya 19 mashamba ya mtama na ufuta yaliyouzunguka mji yalilimwa na watumwa. Utumwa ulifutwa kisheria pwani hii mwaka 1907, na mwaka uliofuata ikaja sheria ya hati za ardhi ya 1908. Aliyeweza kuthibitisha umiliki kwa karatasi akaandikishiwa. Aliyekuwa akilima bila karatasi akabaki mgeni juu ya udongo aliouchimba. Mwaka 1914 serikali ya kikoloni iliwatoa Wagiriama kwa nguvu kaskazini ya Mto Sabaki, nyumba zikachomwa. Ndiyo vita tunavyomkumbuka kwavyo Mekatilili wa Menza, mwanamke aliyewahimiza Wagiriama kuwapinga Waingereza. Neno maskwota, yaani wakaao kwenye ardhi bila hati, linalotajwa hadi leo katika kila mkutano wa ardhi Kilifi lina mzizi humo. Mtu akitazama ramani ya Malindi, hoteli na nyumba za kifahari zikiwa zimepanga mstari ufukweni na vyumba vya udongo vikiwa vimesongamana nyuma, asidhani ni vifuniko vya soda vilivyojipanga vyenyewe.

Nairobi ilikuwa wazi zaidi. Mwaka 1913 daktari W. J. Simpson aliishauri serikali itenganishe makazi kwa rangi, kwa hoja ya afya na tauni. Wazungu wakapewa vilima vya magharibi, Wahindi Parklands na pande za Eastleigh, Waafrika wakapelekwa mashariki, Pumwani na kwingineko. Mwaka 1923 London ilisema utengano wa Wazungu na Wahindi mijini uachwe, lakini nyanda za juu zikabaki za Wazungu. Sheria zile zimekufa, ila hadi leo bei ya kiwanja bado inafuata mistari ileile.

Kwetu Lamu serikali huru nayo ilichora yake. Vita vya Shifta vya miaka ya 1960, vya waliotaka kaskazini mashariki ya Kenya iungane na Somalia, viliwakimbiza Wabajuni wengi kutoka vijiji vya bara na kaskazini, na wengi hawakurudi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ukafunguliwa mpango wa makazi wa Ziwa Kenyatta, Mpeketoni, na familia nyingi za Wakikuyu wasio na ardhi zikaja kulima. Hawa hawakuja kumnyang'anya mtu; walipewa ekari na serikali yao, wakafyeka, wakaugua malaria, wakazika watoto wao pale. Na Mbajuni aliyekosa hati ya shamba la babu yake naye ana haki ya kuumia. Makundi mawili yenye madai ya kweli yaliwekwa kando kando bila kukutanishwa. Juni 2014 Mpeketoni ilishambuliwa, watu zaidi ya 60 wakauawa. Baada ya hapo hofu ikaingia kazini: huyu akahama, yule akaacha kwenda soko la upande wa pili, mwenye nyumba akaanza kuuliza, "Wewe ni mtu wa wapi?" kabla ya kutaja kodi.

Swali hilo la mwenye nyumba ndilo ninaloliangalia kuliko kipimo chochote. Mtaa wa watu wa asili moja, ambao mlango wake unafunguka kwa mgeni mwenye kodi mkononi, haunitii shaka. Mtaa ambao mtu angependa kutoka na hawezi, au kuingia na anazuiwa, huo una kasoro, hata kama kipimo chake ni kidogo.

Nchi nyingine zimejaribu njia zao. Singapore, ambako watu wengi sana wanaishi katika maghorofa ya serikali, iliweka tangu 1989 kikomo cha kila jamii katika kila jengo. Wachina, Wamalay na Wahindi wanapanda lifti moja, lakini wa jamii ndogo akitaka kuuza nyumba mara nyingine hukosa mnunuzi anayeruhusiwa. Uingereza na Wales hazikuweka kikomo kama hicho. Waliojiandika Waingereza weupe walishuka kutoka asilimia 80.5 mwaka 2011 hadi 74.4 mwaka 2021, na watafiti wa sensa za huko wamekuta mitaa ikizidi kuchanganyika.

Sisi tunayo Katiba ya 2010. Ibara ya 39 inampa kila raia haki ya kuingia, kukaa na kuishi popote Kenya, na Ibara ya 27 inakataza ubaguzi wa kabila. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inataka walau asilimia 30 ya nafasi za kazi za kuingilia ziende kwa watu wasio wa kabila kubwa la kaunti. Mwalimu aliyenyimwa chumba kwa jina lake la ukoo ana pa kusimamia.

Sensa zetu huja kila baada ya miaka kumi, kwa hiyo inayofuata ni ya 2029. Kabila ni la kujitaja mwenyewe. Asikutajie jirani, wala mjomba aliyejilaza kitini. Na kichwa cha nyumba ahakikishe waliolala kwake wote wametajwa, maana wanaosahaulika zaidi ni wapangaji, na wao ndio wanaoonyesha kama mtaa umechanganyika au la.

Usiku ule wa 2019 karani alikwisha kufunga kishikwambi chake, anatafuta viatu, bibi akamwita arudi.

"Mwanangu, hujamuandika fundi wa chumba cha uani. Mkamba yule, na mkewe, na kitoto chao. Nao walilala papa hapa."

Kijana akavua viatu tena.