Je, wajua kwa nini kufuta programu na kuisakinisha upya hakurudishi leseni?

Programu ya kuchora majengo au kupanga kurasa imefanya kazi miaka miwili bila kelele. Inasasishwa, kompyuta inazimwa na kuwashwa, kisha linakuja lile dirisha dogo: leseni haikutambuliwa, au idadi ya kompyuta zinazoruhusiwa imetimia. Namba ya leseni ni ileile, na risiti bado iko kwenye barua pepe. Karibu kila mtu hapa hufanya jambo moja: huifuta programu, huisakinisha upya, na kulikuta dirisha lilelile likimsubiri.

Hatua hiyo inatokana na imani kwamba leseni hukaa ndani ya programu, kwa hiyo programu ikiondoka leseni nayo inaachiliwa. Imani hii si ya kijinga. Faili za muziki zikifutwa nafasi hurudi; kwa nini leseni iwe tofauti? Tena zamani mambo yalikuwa karibu na hivyo. Mnunuzi alipewa diski na namba ya leseni, programu ikaipiga namba hiyo hesabu kuona kama imeundwa kwa kanuni sahihi, basi. Hakuna aliyeulizwa kitu nje ya kompyuta yenyewe. Programu ghali zaidi zilikuja na kidude cha kuchomeka nyuma ya kompyuta, na leseni ilikuwa popote kidude kilipo.

Kwa programu zinazoamilishwa mtandaoni, yaani zinazoruhusiwa kufanya kazi baada ya seva ya kampuni kuithibitisha leseni, leseni haimo ndani ya programu hata kidogo. Imegawanyika mara mbili: kuna kumbukumbu kwenye seva ya kampuni inayosema leseni hii imetolewa kwa kompyuta fulani, na kuna faili dogo ndani ya kompyuta hiyo linalothibitisha hivyo. Kufuta programu hakugusi la kwanza, na mara nyingi hakugusi hata la pili.

Chukua kitabu cha kuazima maktaba. Mkutubi ameandika kwenye daftari: nakala moja, imechukuliwa na fulani. Ukikichoma kitabu hicho nyumbani, kitabu hakipo tena, lakini daftari halina habari. Kwa mkutubi bado unacho, na ukirudi kesho kuomba nakala nyingine ataangalia daftari na kutikisa kichwa. Ukinunua rafu mpya ya kukiwekea, daftari halibadiliki. Hata nyumba ikiungua, daftari bado lina jina lako. Kitu kimoja tu hufuta ule mstari: kufika dirishani na kusema unarudisha. Kuifuta programu ni kukichoma kitabu. Kurudisha ni ile amri iliyojificha kwenye menyu ya msaada au ya akaunti, ya kuondoa uamilisho au kuhamisha leseni, na ni lazima itolewe programu ikiwa bado inafunguka na intaneti ipo. Katika SolidWorks, programu ya usanifu wa kihandisi, kwa mfano, leseni ya kuamilisha mtandaoni huhamishwa kwa namna hiyo: inaachiliwa kwenye kompyuta ya zamani ndipo inachukuliwa na mpya. Diski iliyokufa ghafla haiwezi kufika dirishani, ndiyo maana aliyeharibikiwa na kompyuta huishia kuwaomba wahudumu wa kampuni waufute mstari kwa mkono wao.

Kuna programu ambazo kiondoaji chake huuliza kwanza kama uamilisho uachiliwe, na kuna mifumo ya akaunti ambayo humaliza jambo hili kwa heshima zaidi. Adobe, kampuni ya Photoshop, huruhusu mtu mmoja kuamilisha kwenye kompyuta mbili. Akiingia kwenye ya tatu anaulizwa ni ipi kati ya zile itolewe nje. Kwa hiyo si kila programu inamwadhibu anayefuta kwa haraka. Ila zinazomwadhibu ni nyingi kiasi kwamba ni busara kudhani yako ni mojawapo.

Lile faili dogo nalo lina tabia zake. Huachwa kwa makusudi programu inapoondolewa, la sivyo kila mtu angerefusha siku 30 za majaribio kwa kufuta na kusakinisha milele. Mabaki hayo hufichwa kwenye folda za mfumo, kwenye rejista ya Windows (ghala la mipangilio yake), na pengine mahali pa ajabu kabisa. FlexNet, mfumo wa leseni uliotumiwa na kampuni nyingi za programu za usanifu, uliwahi kuandika taarifa zake kwenye sekta ya 32 ya diski, katika ule ukanda mwembamba ulio kabla ya sehemu ya kwanza ya diski kuanza. Hapo hakuna faili wala folda, na kuifomati C hakufiki. Balaa ni kwamba GRUB, programu inayowasha Linux, nayo ilikuwa imejichagulia ukanda huohuo. Aliyekuwa na Windows na Linux kwenye diski moja aliweza kufungua programu yake ya michoro asubuhi na jioni akakuta kompyuta haiwaki. Waundaji wa GRUB hatimaye waliifundisha kuitambua alama ya FlexNet na kuiruka sekta hiyo.

Sasa, seva inajuaje kompyuta hii ndiyo ileile? Kampuni hazitangazi kanuni zake, kwa sababu zinazoeleweka, na kila moja ina ya kwake. Mfano uliofunuliwa hadharani mapema ni wa Windows XP, ambayo si programu ya usanifu lakini ilitumia mbinu ya jamii hiyohiyo. Mwaka 2001 kampuni ya Berlin iitwayo Fully Licensed ilichambua uamilisho wake na kukuta kwamba hukusanya alama za vifaa kumi vya kompyuta, pamoja na taarifa ya kama ni kompyuta ya mkononi inayoweza kupachikwa kwenye kituo cha mezani. Kila alama hufinyangwa kuwa tarakimu fupi isiyoweza kurudishwa nyuma. Alama ya kadi ya mtandao ilipewa biti 10, yaani uwezekano 1,024 tu. Kadi ya picha ilipewa biti 5, ambazo ni uwezekano 32. Kumbukumbu ya RAM haikuandikwa kiasi chake kamili bali tabaka lake. Ufupi huo ulikuwa wa makusudi: utambulisho uwe hafifu kiasi cha kutomfichua mtu, lakini wa kutosha kugundua kompyuta iliyobadilika sana. Kikibadilika kifaa kimoja au viwili, mfumo ulinyamaza. Vikibadilika vingi mno, uliomba uamilishwe upya.

Mbinu za leo zinaweza kutofautiana kwa undani, lakini alama zinazopendwa bado ni zilezile, na hapo ndipo ukorofi mwingi unapozaliwa. Ukiifomati sehemu ya diski, Windows huipa namba mpya ya utambulisho, ile ya herufi na tarakimu nane zenye kistari katikati unayoiona ukiandika vol kwenye dirisha la amri. Ukiinakili diski nzima kwenda SSD mpya, namba hiyo inahama pamoja na data, ila namba iliyochomwa kiwandani kwenye diski yenyewe inabaki kwenye diski ya zamani, na programu inayosoma zote mbili hushtuka. VPN, programu ya kupitisha mtandao kwa njia ya faragha, huongeza kadi ya mtandao ya kubuni. Kadi ya mtandao ya USB iliyokuwepo siku ya kuamilisha haipo leo. Windows pia ina chaguo la kubadilisha anwani ya utambulisho ya kadi ya Wi-Fi kiholela kwa ajili ya faragha, jambo zuri kwa faragha na baya kwa leseni iliyofungwa kwenye anwani hiyo.

Ninachokipenda zaidi ni ubao mama. Mahali palipotengwa kwa namba yake ya utambulisho, bao nyingi hubeba maneno ya kujazia tu, To Be Filled By O.E.M., yaani mtengenezaji atajaza baadaye. Hakujaza. Kwa hiyo kipo kipengele cha utambulisho ambacho, kwa kompyuta chungu nzima duniani, kina jibu moja.

Faili la leseni haliwezi kunakiliwa kwa jirani kwa sababu seva huliandika pamoja na ule utambulisho, kisha huliweka saini ya kidijitali. Ufunguo wa kutia saini uko kwenye seva peke yake. Programu ina ufunguo wa kukagulia tu. Ukibadilisha herufi moja ndani ya faili, saini haikubali. Ukilihamisha bila kulibadilisha, saini inakubali lakini utambulisho haukubali. Hakuna kuzozana na hesabu hiyo, na hakuna hata intaneti inayohitajika kuifanya.

Saa nayo huingia hapa. Leseni yenye mwisho hulinganishwa na saa ya kompyuta, kwa hiyo mifumo mingi hutafuta dalili kwamba saa imerudishwa nyuma. FlexNet huweza kuangalia kama kuna faili za mfumo zenye tarehe ya baadaye kuliko leo. Faili moja tu lililohifadhiwa siku saa ilipokuwa imeruka mbele linatosha kumfanya mteja halali aonekane mdanganyifu. Betri ndogo ya ubao mama ikiisha, saa hurudi miaka kadhaa nyuma, na vyeti vya usalama vya seva huonekana havijaanza kutumika. Mawasiliano hukatwa, na programu huandika kwamba hakuna intaneti, ingawa kivinjari kinafungua baadhi ya kurasa bila shida.

Kuhusu masasisho nitakuwa mfupi. Sasisho la kurekebisha kasoro kwa kawaida haliombi leseni mpya; toleo jipya la mwaka huomba, kwa sababu leseni ya kudumu hufungwa kwenye toleo lililonunuliwa. Dirisha la masasisho lisipotofautisha hayo mawili waziwazi, mtu hubonyeza kitufe na kujikuta na toleo asilolimiliki. Kompyuta za zamani zina tatizo jingine: seva nyingi zimeacha TLS 1.0 na 1.1, matoleo ya zamani ya kanuni za kulinda mawasiliano ya mtandaoni, ambayo yalitangazwa rasmi kuwa yamepitwa mwaka 2021, kwa hiyo programu ya zamani inayojua hayo tu hupiga simu isiyopokelewa. Na aliyewahi kujaribu kraki, yaani nakala iliyovunjwa ulinzi wa leseni, kisha akanunua leseni halali afungue faili la hosts kwenye C:\Windows\System32\drivers\etc. Mara nyingi mistari ya kuzuia seva ya kampuni bado imo, inafanya kazi yake kwa uaminifu.

Udhaifu wa mpango mzima ni kwamba daftari ni la upande mmoja. Mei 2014 mfumo wa kuingia kwenye akaunti za Adobe ulizimika zaidi ya saa 24 kutokana na matengenezo ya hifadhidata. Programu zilizokwisha kuamilishwa ziliendelea kufunguka kwa kuwa zina muhula wa kukaa bila mtandao, ambao Adobe iliwahi kuuweka siku 99 kwa wateja wa mkataba wa mwaka. Waliokuwa wakisakinisha siku hiyo hawakuwa na la kufanya.

Kampuni ikichoka kulitunza daftari, hali inakuwa ya kipekee. Adobe ilipozima seva za kuamilisha Creative Suite 2, programu za mwaka 2005, wenye leseni halali wangekwama siku watakayosakinisha upya. Januari 2013 kampuni ikaweka mtandaoni nakala zisizohitaji kuamilishwa, na namba za leseni zikiwa zimeandikwa pembeni. Habari zikasambaa kwamba Photoshop sasa ni bure. Adobe ilibidi itoe maelezo kwamba nakala hizo ni za waliokwisha kuinunua tu, wakati huo kila mwenye intaneti akiwa tayari anazipakua.